Sitaha iliyooza ndani ya boti isiyooza

Muulize mvuvi yeyote kati ya Lamu na Mtwara kwa nini aliacha mashua ya mbao akahamia boti ya faiba, naye atakujibu kwa maneno mawili: faiba haiozi. Ni kweli. Nyuzi za kioo hazina kitu cha kuliwa na kuvu, wala rezini iliyoganda, ile gundi inayozishika nyuzi hizo, haina. Kisha inakuja siku anapanda boti yenye miaka ishirini, anakanyaga sitaha ya mbele, na mguu unadidimia kama amekanyaga godoro. Rangi inang'aa. Ufa hauonekani. Anakanyaga tena, na pembeni mwa skrubu ya reli yanachuruzika maji ya kahawia yenye harufu ya majani yaliyovunda.

Kilichooza ni mbao iliyofichwa katikati ya faiba, na wenye boti wengi hawajui kama ipo.

Ili kuelewa kwa nini mbao ikawekwa humo, chukua ukuta wa katoni uuchane. Utakuta karatasi mbili nyembamba, na kati yake karatasi ya mawimbi ambayo kazi yake ni moja tu: kuzuia zile mbili zisikaribiane. Kila karatasi peke yake inapinda kwa kidole. Zikiwa pamoja, katoni inabeba gunia la vitunguu. Sitaha ya boti imejengwa hivyohivyo. Faiba ina nguvu kubwa ikivutwa, lakini ikiwa nyembamba hupinda, na boti iliyotengenezwa kwa faiba tupu yenye unene wa kutosha kukanyagwa ingekuwa nzito mno huko juu, mahali ambapo uzito huyumbisha chombo. Bamba likiongezwa unene mara mbili, ukakamavu wake hupanda mara nane. Kwa hiyo watengenezaji huweka ngozi mbili nyembamba za faiba, ya juu na ya chini, na kati yake kiini chepesi. Ukisimama juu, ngozi ya juu inabanwa, ya chini inavutwa, na kiini kinazishika zisiteleze wala kukaribiana. Sasa irudie ile katoni, uimwagie maji. Karatasi hazijachanika, lakini katoni imekwisha.

Kiini chenyewe mara nyingi huwa cha aina tatu. Boti ndogo nyingi za mashine zimewekwa plaiwudi, kwa sababu ni rahisi na inashika skrubu. Nyingine zina balsa, mti mwepesi sana ambao sehemu kubwa hutoka Ekuado, uliokatwa vipande vidogo vilivyosimamishwa ili nyuzi za mti zielekee juu. Za gharama zaidi zina povu gumu la plastiki. Tofauti ya uzito si ndogo: mita moja ya mraba ya kiini chenye unene wa milimita 12 ina takriban kilo 6 ikiwa ya plaiwudi nyepesi, chini ya kilo 2 ikiwa balsa, na kama kilo moja tu ikiwa povu.

Maji yanapoingia

Sitaha ikitoka kiwandani ni ganda lililofungwa. Kisha linatobolewa. Reli inataka skrubu, vyuma vya kufungia kamba vinataka bolti, kuna taa, mfuniko wa stoo ya mbele, kiti cha nahodha, antena. Boti ya futi 19 hufikisha mashimo mengi kuliko mwenyewe anavyodhani, na kila shimo limepita katikati ya kiini. Linalozuia maji hapo ni gundi laini iliyobanwa chini ya chuma. Gundi hiyo inapigwa jua kila siku, chuma kinatanuka na kusinyaa, kamba ya nanga inavuta. Baada ya miaka inaachia upande mmoja, mwanya mwembamba kama unywele. Unatosha. Maji hayahitaji kusukumwa kupita kwenye mwanya mwembamba namna hiyo, huvutwa yenyewe.

Yakishaingia hayatoki, na hapa ndipo jahazi linapoipita boti ya kisasa. Mbao za jahazi hulowa na kukauka, hulowa na kukauka. Chombo huvutwa pwani, hutiwa kalafati upya (pamba ya kuziba mianya ya mbao), hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, kwa juu na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kwa chini, na jua na upepo hupata nafasi ya kuifikia mbao yenyewe. Mbao ya ndani ya faiba haioni upepo. Ngozi mbili zilizowekwa kuzuia maji yasiingie ndizo zinazoyazuia yasitoke.

Kuvu inayoozesha mbao inataka chakula, hewa, joto na unyevu. Chakula ni mbao yenyewe. Hewa iliyo kwenye vitundu vya mbao inatosha. Joto la pwani yetu, nyuzi 25 hadi 32, ndilo inalolipenda. Kinachobaki ni unyevu: mbao ikiwa chini ya asilimia 20 kuvu haistawi, ikifika karibu asilimia 30 sherehe imeanza. Ndiyo maana kila kitu kinarudi kwenye maji.

Na maji yanayoozesha zaidi si ya bahari. Chumvi huikwaza kuvu. Maji yanayoiua sitaha ni ya mvua, na pia yale ya bomba tunayooshea boti jioni ili chumvi isitafune vyuma. Boti iliyovutwa nchi kavu wakati wa masika, ikakaa miezi mitatu bila turubai, hupata madhara makubwa kuliko ile iliyokuwa ikipigwa na mawimbi ya kusi kila siku. Mabaharia wa zamani walioosha sitaha za mbao kwa maji ya bahari walijua walichokuwa wakifanya. Sisemi maji ya bahari hayana ubaya. Hutia bolti kutu na kudhoofisha gundi. Nasema tu kwamba anayeitazama bahari huku mvua inamwagika kwenye mfuniko wa stoo anamvizia mwizi kwenye mlango asioupitia.

Plaiwudi hurahisisha uenezi wa maji, kwa sababu nyuzi zake zimelala, na maji hukimbia kando ya nyuzi za mbao kama kwenye mirija. Tobo la upande wa kulia linaweza kulowesha kiini hadi kushoto. Kwenye balsa iliyosimamishwa maji huenda taratibu, isipokuwa mifereji iliyo kati ya vipande ikiwa haikujazwa rezini kiwandani. Hapo huwa ni mitaro.

Kulowa, kubanduka, kuoza

Mkanganyiko mkubwa wa jambo hili uko hapa. Watu husema "sitaha imelainika" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, wakati ni mitatu, na dawa zake haziingiliani.

Kiini kinaweza kuwa kimelowa lakini mbao bado nzima. Kinaweza kuwa kikavu lakini kimebanduka na ngozi ya juu, pengine kwa sababu kiwandani hakikubanwa vizuri au kitu kizito kiliangukia hapo. Na kinaweza kuwa kimeoza kabisa, kimekuwa matope meusi. Kilichobanduka kikiwa kikavu kinaweza kutobolewa vitundu na kudungwa epoksi, aina ya rezini inayonata sana, kwa bomba la sindano, na kazi hiyo ni halali na hudumu. Kilicholowa tu kinaweza kukaushwa kama kimewahiwa na eneo ni dogo, ingawa huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyotaka kuamini. Kilichooza hakidungwi. Utasikia kwamba kuna epoksi nyembamba kama maji inayopenya mbao iliyooza na kuifanya jiwe. Ndani ya sitaha iliyofungwa, ambamo mbao imejaa maji, rezini haina pa kupenya. Inajaza matundu machache karibu na sindano, inagandia juu ya uozo, na baada ya msimu mmoja mguu unadidimia tena. Tena sasa umefungia unyevu ndani vizuri zaidi. Nimeona pesa nyingi zikimwagwa hivyo, na inaniuma kwa sababu mara nyingi ni pesa za mtu anayeitegemea boti hiyo kwa riziki.

Kujua ni ugonjwa upi, unaanza na sikio. Gonga sitaha kwa mpini wa bisibisi au nyundo ndogo ya plastiki, hatua kwa hatua, sentimita tano tano. Sitaha nzima hulia kwa sauti kavu ya juu. Iliyobanduka au kuoza hujibu kwa sauti butu, kama kugonga kitabu. Weka alama ya chaki kila sauti inapobadilika. Kisha thibitisha kwa drili: toboa kitundu cha milimita 4 au 5 kutoka chini, ndani ya stoo, ukiishia kwenye kiini bila kufika ngozi ya juu, na utazame kinachotoka. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni habari njema. Unga unyevu lakini mweupe unaonyesha maji bila uozo. Ukitoka uji wa kahawia, huna haja ya kipimo kingine. Vipimo vya umeme vya unyevu vipo na vinasaidia, ila huchanganywa na tangi la mafuta au chuma kilicho chini.

Mwaka juzi nilimsaidia ami yangu kwenye boti ya futi 19 iliyokuwa imevutwa kando ya hori la Mtwapa. Alama ya kwanza ya chaki ilikuwa na ukubwa wa sinia. Tulipomaliza kutoboa, eneo lilikuwa kama mlango wa chumba, na tobo lililoanzisha yote lilikuwa la skrubu moja ya taa, karibu mita moja kutoka mahali mguu ulipokuwa ukididimia. Fundi mzee aliyekuwa akipita alisimama akatazama, akamwambia ami, "Bwana, sitaha ikiwa hivi, tezi umeitazama?" Hatukuwa tumeitazama hiyo tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti.

Nawaambia wote sasa: kabla ya kununua hata kopo moja la rezini, kagua ubao wa tezi unaobeba mashine na mihimili iliyo chini ya sakafu. Navyo mara nyingi ni mbao iliyofunikwa faiba, na maji yaliyoozesha sitaha juu huishia huko chini kwenye ngama, shimo la chini kabisa la chombo ambamo maji hukusanyika. Inua mashine nusu, shika sehemu ya chini, itikise kwa nguvu huku mwenzako akitazama tezi. Ikicheza, kazi imekuwa nyingine kabisa. Tazama pia kama chini ya sakafu kuna povu la kuelea. Povu la zamani hunywa maji. Lita 100 zilizofichwa humo ni kilo 100, abiria mmoja na nusu ambaye haonekani na hashuki.

Kufungua

Utafungua kutoka juu au kutoka chini? Kutoka chini hulinda uso wa sitaha na ule mkwaruzo wa kuzuia kuteleza ambao ni vigumu kuuiga. Lakini utafanya kazi umelala chali, rezini ikikudondokea usoni, na mvuto wa dunia ukivuta kila kitu unachobandika. Kwa boti ndogo mimi ningefungua kutoka juu bila kufikiri mara mbili. Rangi hupakwa upya. Kiini kilichobandikwa vibaya kwa sababu mkono ulichoka hakionekani hadi kikushinde.

Weka msumeno wa duara ukate ngozi ya juu tu, ambayo kwa kawaida ni milimita 3 hadi 5. Acha ukingo wa sentimita nne au tano kuzunguka, mbali na ukuta na mfuniko, utakaobebea kiungo baadaye. Ngozi ukiitoa nzima, itunze kivulini ikiwa imelala sawasawa, kwani utairudisha. Mbao iliyooza itatoka kwa mikono. Inayoshikilia itataka patasi, na endelea hadi ufikie mbao kavu pande zote, kisha sentimita kadhaa zaidi.

Vumbi la faiba ni sindano za kioo. Vaa barakoa ya vumbi laini inayobana uso, si kitambaa, pamoja na miwani na mikono mirefu, na usioge maji ya moto baadaye. Anza na maji baridi, vinginevyo utajikuna usiku kucha.

Baada ya hapo ni kusubiri, na kusubiri ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Shimo likae wazi chini ya paa, feni ikipuliza, kwa wiki kadhaa. Mwezi wa nne au wa tano usianze kabisa. Subiri miezi mikavu; huku Mtwapa ni kaskazi ya Januari na Februari.

Rezini ipi

Boti karibu zote zimetengenezwa kwa rezini ya poliesta, kwa hiyo wengi huona ni mantiki kuzitengenezea poliesta. Tofauti ni kwamba kiwandani matabaka yaliwekwa yakiwa bado mabichi, yakaungana kikemia. Wewe unabandika kitu kipya juu ya faiba iliyoganda zamani na juu ya mbao, na kilichopo hapo ni kunata tu. Poliesta hunata vibaya kwenye mbao, na husinyaa inapoganda. Epoksi hunata vizuri kwenye vyote viwili. Bei yake ni mara kadhaa ya poliesta, na kama fedha ni chache, ningetumia epoksi kubandika kiini na viungo kuliko kuipaka poliesta kila mahali. Kumbuka mpangilio: epoksi hukaa vizuri juu ya poliesta ya zamani, lakini poliesta haikai vizuri juu ya epoksi.

Tena usitumie epoksi na ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa unaouzwa kila duka. Gundi inayoushika mkeka huo imetengenezwa iyeyuke kwenye poliesta. Kwenye epoksi aina nyingi haziyeyuki, mkeka unabaki mgumu na kuacha hewa. Nunua kitambaa cha faiba kilichofumwa au kushonwa.

Jambo jingine ni vipimo. Poliesta huongezwa kichocheo kwa asilimia 1 hadi 2, na fundi huweza kupunguza kidogo siku ya joto. (Kichocheo hicho kikikurukia jichoni kinaweza kukupofusha. Miwani haina mjadala.) Epoksi haina ruhusa hiyo: uwiano ulioandikwa kwenye kopo ni sehemu ya kemia yenyewe, na ukiongeza kigandishi ili iwahi kukauka, utapata kitu laini kisichokauka daima. Unachoweza kuchagua ni kigandishi cha taratibu, kilichotengenezwa kwa nchi za joto. Kila joto likipanda nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu, kwa hiyo changanya alfajiri, kidogo kidogo, kisha mimina kwenye sinia pana. Rezini iliyoachwa kwenye kikopo kirefu hujipasha yenyewe hadi kutoa moshi.

Kurudisha

Kata kiini kipya kwa kufuata umbo. Ukitumia plaiwudi, iwe ya baharini kweli, yenye alama ya kiwango cha BS 1088, si ile ya kumwagia zege iliyopakwa rangi nyekundu. Paka epoksi nyepesi kwenye ngozi ya chini na pande zote za mbao, hasa kingo, uiache inywe. Kisha tandaza epoksi iliyokorezwa kwa unga wa silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, kwa mwiko wenye meno, laza kiini, na uweke mifuko ya mchanga juu yake. Toboa kiini vitundu vidogo kila sentimita kumi na tano kabla ya kukilaza. Hewa inatokea hapo, na rezini ikichungulia kwenye kila kitundu unajua kwamba chini hakuna pango. Kitundu kisichotoa kitu kinakuambia mahali pa kuongeza uzito.

Ngozi ya juu inarudi kwa namna hiyohiyo. Kiungo chake hakifungwi kwa kujaza pati kwenye mstari. Kisage kwa mteremko wenye upana wa mara 12 ya unene: ngozi ya milimita 4 inataka karibu sentimita 5 kila upande. Jaza kwa vitambaa, chembamba kwanza kisha vipana zaidi. Epoksi ikikauka huweza kuacha utando wa kunata juu, hasa hewa ikiwa na unyevu kama ya kwetu. Uoshe kwa maji na sponji ngumu kabla ya kupiga msasa au kuongeza tabaka, la sivyo tabaka linalofuata litabanduka.

Yanabaki mashimo, na hapo ndipo ukarabati unapopata miaka yake. Bolti ikiwa ya milimita 8, toboa milimita 14 kupita ngozi ya juu na kiini. Acha ngozi ya chini. Jaza tundu lote epoksi iliyokorezwa, ngoja igande, kisha toboa milimita 8 katikati yake. Sasa bolti inapita ndani ya bomba la epoksi, na hata gundi ikiachia siku moja, maji yatadondoka stoo ambapo utayaona, bila kugusa mbao. Chanua kidogo mdomo wa juu wa tundu ili gundi ipate pete ya kukaa, tumia utepe wa butili au gundi ya poliurethani badala ya silikoni, na chini weka bamba pana la kugawanya nguvu. Yule ami yangu alichukua siku tano kwa mashimo peke yake, nyingi kuliko alizotumia kulaza kiini.

Kwa ambaye sitaha yake bado ngumu, kuna kipimo cha jioni moja. Fungua skrubu moja ya reli, ile iliyo chini kabisa ambapo maji hutuama baada ya mvua. Ingiza kijiti cha meno kwenye tundu hadi kwenye kiini, kizungushe, kitoe. Kikitoka kikavu, paka gundi mpya urudishe skrubu na uende kwenye inayofuata. Kikitoka cheusi, anza kutafuta chaki.